Tuliungana Kabla ya Mkongo Kufika

Sisi tulioingia chuo kikuu katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 tulikuta chuo kimoja kikiwa katika nchi tatu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, na mpangilio wake ulikuwa wa busara ya watu wasio na fedha nyingi: aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako masomo yalikuwa yameanza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Kijana wa Bukoba alilala bweni moja na kijana wa Kisumu na wa Mbale, wakabishana kuhusu mpira na siasa, wakasaidiana mitihani, kisha kila mmoja akarudi kwao akiwa na marafiki wa kudumu ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa, vikawa vitatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki likavunjika pamoja nayo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Wengi wetu tulikuwa wahadhiri vijana wakati huo. Tulikuwa na tafiti tulizozianza na wenzetu wa upande wa pili, na tafiti hizo ziliishia katikati ya daftari.

Nimeanzia huko kwa sababu vijana wetu wanapoizungumzia mitandao ya kasi inayounganisha vyuo na taasisi za utafiti duniani, mazungumzo yao huanza na kasi. Ni haki yao, maana ndicho wanachokiona. Sisi tulioishi kabla yake tunaona kwanza ujirani uliokuwa umekatika ukirudi, na tunaiona pia kazi ya watu, kazi iliyoanza miaka mingi kabla ya waya wowote kushushwa baharini. Hilo la pili halisimuliwi sana, nami sitaki tuondoke bila kulisema.

Katika miaka ya 1970 na 1980 maarifa mapya yalitufikia kwa posta. Kulikuwa na jarida dogo la karatasi nyepesi, Current Contents, lililochapishwa Philadelphia. Halikuwa na makala za utafiti za kwake. Lilikusanya kurasa za yaliyomo za majarida mengine, na nyuma likaorodhesha anwani za waandishi. Tulilipitia kalamu mkononi. Tukiona makala inayotuhusu, tulichukua kadi ya posta iliyokwisha kuchapwa maneno ya heshima ya kumwomba mwandishi nakala, tukajaza jina la makala kwenye mstari ulioachwa wazi, tukaweka sahihi na kwenda kupanga foleni ya stempu. Mwandishi muungwana alituma nakala, nayo ikatufikia baada ya miezi miwili au mitatu. Wengine hawakujibu kabisa, na hatukuwa na namna ya kujua kama ni wao waliokataa au ni kadi iliyopotea. Kwa makala zisizopatikana kwa njia hiyo palikuwa na kuponi za Maktaba ya Uingereza, tawi lake la Boston Spa, na kwa vitabu palikuwa na kuponi za UNESCO, zilizomwezesha mtu kulipa kwa shilingi kitu kilichouzwa kwa fedha za kigeni. Mkutubi alizifungia kuponi hizo katika droo pamoja na muhuri wa chuo, na aliyetaka moja alieleza kwa maandishi kwa nini anaihitaji. Maelezo hayo, nathubutu kusema, yalitufundisha kujua tunachokitafuta kabla ya kukitafuta.

Kisha ikaja vita ya Kagera, ikaja bei ya mafuta, ukaja uhaba wa fedha za kigeni. Ukiingia leo katika maktaba za vyuo vikongwe vya ukanda huu, zitazame rafu za majarida ya zamani. Matoleo yanafuatana vizuri mwaka hadi mwaka, yamefungwa kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, halafu ghafla rafu inakatika, na baada ya pengo la miaka yanatokea matoleo machache ya msaada yasiyofuatana. Pengo hilo ndiyo miaka yetu ya kazi. Tulifundisha humo. Mchana tulisimama darasani na ubao na chaki, jioni tulipanga foleni ya sukari, na unga wa njano tulioubatiza Yanga ulikuwa chakula cha profesa na cha mpishi wake vilevile. Shida yenyewe haina la kujivunia. Tunachojivunia ni kwamba wahitimu wa miaka hiyo walipokwenda kusoma zaidi Ulaya na Marekani walikaa darasani na wenzao na hawakuaibika, na wengi wao walirudi kushika nafasi zetu.

Vijana hushangaa pia wakisikia kwamba mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Haikuwa chuki dhidi ya elimu. Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na mashine za hesabu za serikali zilikuwa zimeleta vurugu kuliko nafuu. Katazo hilo lililegea kidogo kidogo kadiri miaka ilivyopita, lakini lilifanya watu wetu wa kwanza wa kompyuta wajifunze kwa kuzunguka mashine chache mno, wakisoma vijitabu vya maelekezo usiku kama watu wengine wanavyosoma riwaya. Ndio hao waliokuja kutufungulia mlango.

Mlango ulifunguka kwa simu. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alibuni mfumo wa Fido, ambamo kompyuta ndogo zilipigiana simu, zikakabidhiana barua, zikakata. Ulikuwa mfumo wa watu wa kipato kidogo, nao ulitufaa kwa kuwa haukudai laini iliyo wazi saa zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, ulioendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, uliwaunganisha kwa namna hiyo watafiti wa Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, napo palikuwa na kituo cha HealthNet, cha shirika la SatelLife, kilichozungumza na setilaiti ndogo iliyopita kilomita 800 hivi juu yetu mara chache kwa siku. Ikipita, barua zilipanda na nyingine zikashuka. Ikizama, daktari aliyeuliza swali kuhusu mgonjwa wake alisubiri izunguke tena. Leo hayo yanachekesha. Wakati ule tuliona ni jambo kubwa kwamba daktari wa Dar es Salaam anaweza kuuliza jambo leo na kujibiwa kesho.

Kilichofanyika ndani ya chumba cha kompyuta hakikuwa na fahari yoyote. Fundi alikuwa mmoja, na kiyoyozi kilikuwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yake. Tulimpelekea barua kwenye disketi, au tukamwandikia kwa mkono naye akaichapa. Usiku, bei ya simu ikiwa imeshuka na laini zimepungukiwa watu, modemu ilipiga London: mlio wa kukwaruza, kimya kifupi, halafu taa nyekundu zinaanza kupepesa. Kurasa mbili za barua zilipita kwa sekunde 20 hivi kama laini ilikuwa safi. Ikikatika, alianza upya, na gharama ya dakika zilizopotea iliandikwa kwenye daftari lake. Asubuhi alichapa barua zilizoingia kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, akazichana moja moja, akazigawa kwenye visanduku vya wahadhiri pamoja na bahasha za posta. Kwa hiyo barua pepe ya kwanza ya wengi wetu ilikuwa karatasi. Na barua ya Dar es Salaam kwenda Nairobi, mwendo wa basi wa siku moja, mara nyingi ilikwenda kwanza London ndipo ikarudi kwa jirani. Wenye kumbukumbu ya bweni moja la zamani hawakuweza kulisahau jambo hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakaja madishi ya setilaiti. Chuo kizima kiligawana kilobiti 64 au 128 kwa sekunde, na hata miaka kadhaa baadaye, bei ilipokuwa imeanza kushuka, megabiti moja iliendelea kutugharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Setilaiti hizi za mawasiliano zimekaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ilikuwa imekwisha kabla mashine mbili hazijasalimiana. Mvua kubwa ikinyesha, tulisubiri ikatike. Maelfu ya watu tulikuwa tunainywa bahari kwa mrija mmoja. Piga hesabu mwenyewe: faili la gigabaiti moja, kwenye laini ya kilobiti 64 iliyoachwa kwa ajili yako peke yako, lingehitaji zaidi ya saa 34 bila kukatika hata mara moja, na hapakuwa na mtu aliyeachiwa laini peke yake. Mtafiti aliyekuwa na picha za hadubini za kupeleka Ulaya aliziweka kwenye CD, akaitia bahasha, akamkabidhi msafiri wa ndege ya usiku. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilileta African Virtual University, na vijana wetu wakaketi mbele ya skrini kumsikiliza mwalimu aliye ng'ambo. Mwenye swali alipiga simu. Mradi ule ulilaumiwa sana kwa kutegemea walimu wa nje, nami nilikuwa miongoni mwa waliolaumu. Hata hivyo ulituonyesha chumba cha darasa kinavyoweza kuwa kikubwa kuliko kuta zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1999 vyuo vya Kenya vilianzisha KENET, mtandao wao wa elimu. Waganda walianzisha RENU mwaka 2006, na Tanzania TERNET mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa 2005, mitandao mitano ya kitaifa, ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, iliunda muungano wa kikanda uitwao UbuntuNet Alliance, ambao ofisi zake ziko Lilongwe. Itazameni tena miaka hiyo. Hadi katikati ya 2009 pwani yote kati ya Djibouti na Afrika Kusini haikuguswa na mkongo hata mmoja wa kimataifa wa nyuzi za kioo. Watu waliunda umoja wa kutumia barabara ambayo haikuwepo. Walichagua bodi, wakaandika katiba, wakatoza ada, wakagombania kifungu hiki na kile, na wakati huo wote kila chuo kilikuwa na dishi lake juu ya paa na deni lake kwa mwenye setilaiti.

Waliobeba kazi hiyo walikuwa wahandisi na wahadhiri waliokwisha kufundisha mchana. Wengine mmewasikia, kama Francis Tusubira wa Makerere, aliyekuja kuuongoza muungano huo, na Meoli Kashorda aliyeiongoza KENET kwa miaka mingi. Walio wengi hamtawasikia. Ugumu wao ulikuwa wa kibinadamu. Vyuo vya umma na vya binafsi vinagombea wanafunzi walewale. Kwa nini chuo kikubwa kilichokwisha kujinunulia laini kikubali kuchanga pamoja na chuo kidogo kitakacholipa kidogo? Chumba cha mitambo kiwekwe kwa nani, na ufunguo akae nao nani? Ada ilipwe kwa idadi ya wanafunzi au kwa ukubwa wa laini? Kampuni za simu hazikufurahi kuona wateja wao wakubwa wakijikusanya kuwa mteja mmoja mwenye sauti. Na wakuu wa fedha, watu waangalifu kama kazi yao inavyowataka, waliuliza swali ambalo halikuwa na jibu zuri: mnataka tulipie nini hasa, ikiwa mkongo wenyewe haujafika? Jibu lililotolewa, kikao baada ya kikao, lilikuwa kwamba mkongo ukifika na kutukuta tumetawanyika, kila chuo kitanunua tone lake kwa bei ya dukani. Ukitukuta tumeungana, tutanunua kwa jumla, na kinachopita humo tutakipangia wenyewe. Kizazi kilicholelewa katika vyama vya ushirika vya kahawa na pamba kiliielewa hoja hiyo, na kilijua pia namna ushirika unavyokufa, kwa hiyo hesabu zilidaiwa hadharani na mapema.

Mazungumzo ya mikongo yenyewe yalikuwa na vurugu zake. Ule wa EASSy ulijadiliwa kwa miaka, ukakwama katika ubishi wa nani amiliki na nani auziwe kwa masharti gani, hadi Kenya ikaamua kuvuta wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Uliwasili Juni 2009. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Julai, SEACOM ukawashwa, ukigusa Dar es Salaam, Mombasa, Maputo na Mtunzini (Afrika Kusini) na kuendelea hadi India na Ulaya. Ulichelewa kidogo kwa sababu ya maharamia wa baharini upande wa Somalia. EASSy ukafuata mwaka 2010. Pwani hii iliwahi kuonja waya wa baharini zamani, mwaka 1879, Waingereza walipotandaza simu ya maandishi kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini, lakini huo ulikuwa wa ofisi za watawala na wafanyabiashara wao. Miaka 130 ilipita. Safari hii wanachuo walikuwa mlangoni wakiwa na makaratasi tayari, na KENET ilikuwa miongoni mwa walionunua nafasi katika njia mpya.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotuingiza katika mtandao wa dunia kwa haki ya uanachama. Ulaya ilikuwa na GÉANT, unaounganisha mitandao ya kitaifa ya utafiti ya nchi zake; Marekani ilikuwa na Internet2 tangu 1996. Mitandao hii haiuzi intaneti mitaani. Ni barabara za taasisi za elimu, pana kuliko mahitaji ya kawaida kwa makusudi, ili siku darubini, maabara ya vinasaba au mtambo wa fizikia unapomwaga data, pawe na nafasi. Mwaka 2011 mradi wa AfricaConnect ulitiwa sahihi kwa bajeti ya euro milioni 14.75. Umoja wa Ulaya ulitoa asilimia 80. Asilimia 20 ilitoka kwa washirika wa Afrika, na ningependa vijana waikumbuke hiyo kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ilichangwa na vyuo ambavyo wakati huohuo vilidaiwa umeme na maji. Vituo vikawekwa Nairobi, Kampala, Kigali, Dar es Salaam, Lusaka na miji mingine, na njia ikaelekezwa London na Amsterdam kukutana na Wazungu. Barua ya Dar es Salaam kwenda Nairobi haikuhitaji tena kwenda kulala London. Wengi wetu tulikuwa tumestaafu au tunahesabu miezi. Tuliitwa kwenye sherehe za uzinduzi, tukapewa viti vya mbele, na vijana wakatuonyesha kwenye skrini grafu ambazo hatukuzielewa vizuri lakini tuliona zinapanda.

Leo kwenye laini ya gigabiti moja faili lile la saa 34 linapita kwa sekunde nane. Mwanafunzi wa Makerere anafika Nairobi au Lusaka, anafungua kompyuta yake kwenye uwanja wa chuo asichokijua, na eduroam, mfumo uliobuniwa Uholanzi mwaka 2002, inamtambua kwa jina na nywila ya chuo chake. Kuanzia mwaka 2016 mtandao wa wanasayansi wa H3ABioNet ulifundisha uchambuzi wa vinasaba kwa pamoja katika nchi nyingi za Afrika: mhadhara mmoja, madarasa mengi, kila darasa likiwa na mwalimu msaidizi wake wa papo hapo. Hilo la mwalimu wa papo hapo linanipendeza hasa, maana wamerekebisha kosa la darasa la setilaiti. Huko Karoo, Afrika Kusini, sahani 64 za MeerKAT zinasikiliza anga, na takwimu zake husomwa na watu wasiowahi kukanyaga jangwa lile. Tungepewa miaka mingine ishirini ya kazi tungejua la kufanya nayo. Hatukupewa, na hatulalamiki. Waliotutangulia walijenga Makerere bila kuyaona haya wala hayo yetu.

Lakini heshima ya vijana kwetu inatupa ruhusa ya kuwaambia mambo mawili matatu, nasi tunaitumia. La kwanza, mara nyingi sana laini hizi hutuletea, na mara chache hutupelekea. Tunasoma makala za wengine kwa kasi ya ajabu, huku za kwetu zikikaa kabatini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili, mingi yake kwa hati ya Kiarabu, iliyokusanywa kijiji kwa kijiji pwani nzima. Wapo wasomaji wake Lamu, Muscat na Hamburg. Yapo makabati ya sampuli za mimea yenye lebo za mkono, zipo kaseti za mahojiano na wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki, zipo tasnifu za wanafunzi wetu zilizochapwa kwa taipureta nakala nne tu. Kuzipiga picha, kuziandikia maelezo sahihi na kuziweka kwenye seva iliyo kwetu ni kazi ya kuchosha isiyo na sherehe ya uzinduzi. Kizazi kilichozoea kujaza kadi za posta kingeiweza. Na hiki kinaiweza pia, tukikiacha kikapata muda na kukilipa.

La pili ni la fedha. Intaneti ya dukani imeshuka bei, na sasa yupo mkuu wa fedha kijana, mwenye akili na nia njema, anayeuliza kwa nini chuo chake kiendelee kulipa ada ya uanachama ilhali kampuni fulani imemletea bei nafuu zaidi kwa megabiti. Swali lake ni halali, na asijibiwe kwa hasira. Aonyeshwe Februari 2012, nanga ya meli ilipoukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa wakati mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imekatika. Aonyeshwe 2024, mikongo ilipokatika Bahari ya Shamu, kisha tarehe 12 Mei EASSy na SEACOM ikakatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo mteja mmoja mmoja husubiri zamu yake. Umoja wenye njia zaidi ya moja, wenye mikataba upande wa mashariki na wa magharibi, wenye wahandisi wake wanaokesha kuhamisha mizigo kutoka njia hii hadi ile, una la kufanya. Na hata siku ya kawaida, bei ya nafuu anayoletewa leo imeshuka kwa sehemu kwa sababu muuzaji anajua chuo kina pengine pa kwenda. Umoja ukifa, ile bei nayo itapanda.

La tatu ni kubwa zaidi, nalo limebaki. Burundi ina BERNET, Kongo ina Eb@le, Wasomali wana SomaliREN, mitandao iliyoanzishwa katika mazingira magumu kuliko yetu ya miaka ya foleni. Hapa kwetu vipo vyuo vya ualimu na vya afya mikoani ambako mwanafunzi bado ananunua bando la simu ili asome somo lake, akilizima kila anapomaliza ukurasa. Kuvifikia kunadai yaleyale ya mwaka 1999: kuwashawishi wakubwa wachangie wadogo, kukubaliana ufunguo akae nao nani, kuandika katiba na kuisoma hadi mwisho. Vikao vyake ni virefu na posho yake haitoshi nauli. Mkiviitisha, tuiteni. Waliozijadili zile katiba za kwanza bado wapo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lilongwe, wanajua ni kifungu gani kilileta ugomvi na kiliandikwaje hadi kikapita, na simu zao zinapokelewa.